Kuikuza Nyumba ya Wazee

Katika mji wa Lamu, ambao nyumba zake za mawe zimebanana hata vichochoro vinavyozitenganisha mara nyingi havitoshi kupishana punda wawili waliotwikwa mizigo, hapana swali linalozuka katika aila mara nyingi zaidi kuliko swali la nafasi: watoto wameoa na kuolewa, wajukuu wamezaliwa, wazee wangali hai, alhamdulillahi, na kuta ni zile zile zilizojengwa na watu waliotangulia mbele ya haki zamani. Swali hilo limefika tena nyumbani kwetu mwaka huu. Mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, ambaye amana ya kuitunza nyumba imebaki mikononi mwake, aliniletea ramani iliyochorwa na kijana hodari aliyesomea kazi hiyo, nayo ilionyesha ghorofa mpya ya zege, jiko la kisasa, na vyumba vilivyopangwa sawasawa. Akanitaka rai yangu, maadamu mimi ndiye niliyesalia miongoni mwa walioiona nyumba ile ikikua mara ya kwanza. Niliitazama ramani kwa muda mrefu. Uzuri ilikuwa nao, lakini haikuniambia nani atalala wapi, nani atapita mbele ya nani akienda kuoga, wala maji ya mvua yatatokea upande gani. Na kwa yote niliyoyaona tangu udogo wangu, mambo hayo ndiyo yafanyayo nyumba iliyoongezwa iwe maskani au iwe mateso.

Nyumba yetu ilikuwa ya chini tu nilipopata fahamu. Mtu akitoka njiani alikutana kwanza na daka, lenye viti vya mawe pande mbili za mlango, na mgeni wa kiume asiye jamaa hakuwa na haja ya kwenda mbali zaidi ya tekani, ukumbi mdogo wa kupokelea wageni ulio ndani ya mlango. Kutoka hapo njia ilipinda ili macho ya mpita njia yasiingie, ndipo ikafunguka kiwandani, uwanja wa ndani usio na paa, ambao ndio uliotupa nuru na hewa. Nyuma ya kiwanda ilifuatana misana miwili, msana wa tini na msana wa yuu, kisha ndani, walimolala mama na nyanya, na ambamo zidaka zilizochongwa katika chokaa zilipamba ukuta mzima. Vyumba hivi vyote vilikuwa virefu na vyembamba, na sababu yake haikuwa mapenzi ya macho. Boriti za mikoko, zilizoletwa kwa majahazi kutoka hori za kaskazini ya visiwa vyetu, haziwezi kubeba sakafu nzito ya mawe na chokaa zikipita urefu wa mita mbili na nusu au zaidi kidogo, basi upana wa chumba cha Lamu ulipimwa na mti kabla haujapimwa na mtu. Atakaye kuongeza nyumba ya namna hii na asijue jambo hilo atachora ukumbi mpana ambao hauna cha kuubeba.

Dada yangu alipoposwa, miaka michache baada ya Kenya kupata uhuru, desturi ilimtaka baba ampatie binti yake pa kukaa, kwa kuwa kwetu bwana arusi aghalabu ndiye anayehamia kwa mkewe, na binti hatolewi katika kinga ya mama yake. Baba hakuwa na kiwanja kingine. Njia zilikuwa mbili: kujenga wikio, chumba kivukacho kichochoro juu ya vichwa vya wapita njia, ili nyumba yetu iungane na ya ami yetu iliyotukabili, au kupandisha ghorofa. Ami alikuwa na mabinti zake watatu, na haikuhitaji hesabu kubwa kuona kwamba nafasi aliyokuwa nayo ingetakiwa na damu yake mwenyewe kabla ya miaka mingi kupita. Ikaamuliwa kupanda.

Fundi aliyeitwa alikuwa mtu wa makamo, mwenye maneno machache na mikono mikubwa, na kwa siku kadhaa alikataa kutaja bei. Aliomba kwanza rukhsa ya kubandua chokaa katika pembe za vyumba, akachimba kando ya ukuta kuutazama msingi, akapanda darini na kuchungulia mahali ncha za boriti zinapoingia ukutani, maana hapo ndipo unyevu na mchwa huanzia kazi yao, na boriti inayong'aa katikati ya chumba huweza kuwa unga mtupu ndani ya ukuta. Alipokwisha, alitangaza masharti yake. Kila ukuta wa juu utasimama juu ya ukuta wa chini, wala hapatakuwa na hata mmoja utakaokaa juu ya boriti. Choo cha juu kitakuwa juu ya choo cha chini, ili maji yashuke kwa mfereji mmoja hadi shimo moja. Na boriti zilizooza zitawekewa nyingine ubavuni kabla ya jiwe jipya kupanda. Baba, ambaye alikuwa na haraka kwa sababu ya arusi, aliona kwamba muda unapotea. Leo nikiikumbuka subira ya fundi yule ninaona kwamba ghorofa ya dada yangu ilijengwa katika siku zile ambazo hapana jiwe lililowekwa.

Lakini neno lililoibadili ramani halikutoka kwa fundi. Nyanya, aliyekuwa akisikiliza mashauri nyuma ya pazia la msana, alimwita fundi asogee karibu, akamwuliza bwana arusi atapitia wapi. Fundi alikuwa ameiweka ngazi kiwandani, mahali pepesi kuijenga, nyanya akaikataa.

"Mwana," fundi akamjibu kwa adabu, "ngazi ikitoka tekani itaila tekani yote."

"Na iile," nyanya akasema. "Tekani ni ya wageni, na huyu hatakuwa mgeni tena, lakini kijana wa watu hawezi kupita kiwandani kwetu usiku na alfajiri, na sisi tumejilaza hapa vichwa wazi."

Ikawa hivyo. Ngazi ikapandishwa kutokea tekani, kwa mlango wake, na tangu siku ile shemeji yetu akaingia na kutoka bila kubisha hodi kwa mtu wala kumtia mtu haya, jambo ambalo, naamini, lilichangia zaidi amani ya ndoa ile kuliko mahari na mapambo. Baadaye niliona nyumba nyingi zikiongezwa vyumba vizuri vya kulala ambavyo hakuna awezaye kuvifikia pasipo kupita katika usingizi wa mwingine, na kila mara nimekumbuka kwamba mwanamke ambaye hakuwahi kushika timazi ndiye aliyeuliza swali la kwanza la ujenzi.

Lilibaki jambo la jirani. Upande wa kusini palikuwa na kiwanda cha mjane mmoja na mabinti zake, na dirisha lolote ambalo tungelitoboa huko lingekuwa jicho juu ya vichwa vyao. Ilhali upande huo ndio wa upepo wa kusi, na chumba cha juu kisichopata kusi huwa tanuu miezi ile yote. Baba alikwenda kwa mjane yule pamoja na fundi, akabisha hodi dakani na kuzungumza naye kwa pazia, na wakaafikiana kwamba ukuta wa kusini upewe matundu ya hewa yaliyo juu ya kimo cha mtu, karibu na boriti, na ukuta wa darini uinuliwe hata aliyesimama asiweze kuchungulia chini. Sharia inakataza mtu kujinufaisha kwa madhara ya jirani yake, na katika mji uliobanana kama wetu kanuni hiyo hupimwa kwa inchi. Hewa ikaingia, sitara ikabaki.

Mawe yaliletwa kwa mashua kutoka Manda na kupandishwa mjini na punda. Chokaa ilichomwa, ikazimwa kwa maji shimoni, ikaachwa itulie. Dari ya mwisho ilipomwagwa, watu walikaa kitako safu kwa safu wakiipiga kwa vibao huku wakiimba, siku baada ya siku, hata ikashikamana bila ufa, na fundi akailaza kidogo upande mmoja ili maji yaende kwenye marizabu, nayo akayatoa mbali na ukuta kiasi cha kuwa mvua ya masika haikurudi kuulamba.

Kila ongezeko huhamisha taabu kutoka mahali fulani hadi pengine. Jiko letu lilikuwa pembeni mwa kiwanda, na kabla ya ghorofa moshi wake ulikwenda mbinguni. Sasa ulikwenda chumbani kwa arusi. Wanaume wakaamua jiko lihamie darini, chini ya paa la makuti, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Lamu, na uamuzi huo ulikuwa mwema kwa moshi. Mama hakubishana. Alichukua mtungi, akaujaza kisimani, akaupandisha hadi darini mbele ya macho ya baba, akashuka, akaujaza tena. Alipoanza safari ya tatu baba alimzuia kwa mkono, na mashauri yakarejea upya, safari hii mama akiwa ndani yake. Kazi za maji, kuosha mchele, kupaa samaki, kukuna nazi na kufua, zikabaki chini karibu na kisima. Moto peke yake ukapanda. Na shemeji, ambaye ukoo wake ni wa mabaharia, akafunga kapi la jahazi juu ya kiwanda ili maji na vyungu vipande kwa kamba. Kapi hilo lilifanya kazi hata siku mabomba na pampu zilipofika.

Hili nilimwambia mpwa wangu kuhusu jiko lake la kisasa, ambalo katika ramani liliachwa wazi kuelekea mahali pa kupokea wageni. Nilimwomba asimwulize mchoraji, wala asiniulize mimi, bali awaulize wale wanaopika: wanataka kuonekana wakipika au hawataki, wanakaa au wanasimama, samaki huparwa wapi, na mkaa, ambao bado unatumika siku za pilau ya watu wengi, utawashwa pahali gani. Majibu aliyoyapata yaliufunga upande mmoja wa jiko na kuufungua mwingine.

Kazi ilinipeleka Dar es Salaam, nikapanga chumba Kariakoo katika nyumba ya Kiswahili ya namna inayojulikana: baraza mbele, ukumbi uliokata nyumba katikati, vyumba vitatu kila upande, kila kimoja kama futi 10 kwa 10, na nyuma ua wenye jiko, bafu, choo na mti wa kivuli. Mwenye nyumba alikuwa mtu mwema aliyewapenda wanawe. Kijana wa kwanza alipooa, babaye alimjengea chumba uani, kimeegemea ukuta wa nyuma. Wa pili alipooa, kikaongezwa cha pili kukabiliana nacho. Kisha stoo, kisha chumba cha mpangaji kwa ajili ya kodi, kwa kuwa gharama za aila zilikuwa zimeongezeka pamoja na aila. Mti ulikatwa. Hakuna chumba hata kimoja kati ya hivyo kilichojengwa kwa ubaya, na kila kimoja kilikuwa na haki yake na dua zake siku ya kuhamia, lakini nilipoondoka pale ua ulikuwa umebaki ujia wa kupita mtu mmoja akiwa na ndoo. Vyumba vya nyuma, vilivyokuwa vikipata hewa kwa madirisha ya uani, sasa vilitazama kuta. Wanawake waliokuwa wakikaa pamoja jioni kusuka ukili na kuchambua mchele walihamia kila mmoja mlangoni kwake. Na ugomvi ambao zamani ungetulizwa na kikao cha uani ulipita moja kwa moja kwa mjumbe. Pale ndipo nilipofahamu kwamba nafasi iliyo wazi ni chumba cha watu wote, na kwamba kwa kuwa haina mwenyewe, ndiyo ya kwanza kuliwa. Katika ramani ya mpwa wangu kiwanda chetu kilikuwa kimefunikwa kwa kioo na kugeuzwa sebule. Nilimsihi akiache kama kilivyo, hata ikiwa kwa sababu hiyo atapoteza chumba kizima, nami nitalisimamia neno hilo maadamu ningali na pumzi.

Mambo ya saruji niliyaona Mombasa, katika Mji wa Kale, kwa jamaa yetu aliyeongeza chumba juu ya nyumba ya babu yake na, kwa kuona fahari ya kazi mpya, akaagiza kuta zote za chini nazo zipigwe lipu ya saruji zilingane. Kwa mwaka mmoja nyumba iling'aa. Kisha lipu ikaanza kuvimba na kubanduka vipande vikubwa, chumvi ikachanua ukutani kama unga uliomwagika, na hewa ya vyumba ikawa nzito yenye harufu ya unyevu ambayo haikuwamo tangu nyumba ijengwe. Kuta za mawe ya matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini na kutoka mvuani, na chokaa, kwa kuwa ina vinyweleo, huyaachia yatoke tena kwa hewa. Saruji huyafungia ndani, yakapanda na kutafuta njia hata yakazifikia ncha za boriti. Fundi aliyeifanya kazi ile hakuwa mzembe, ila alikuwa amejifunza kwa nyumba za matofali, akaitibu nyumba ya matumbawe kwa dawa ya ugonjwa mwingine. Lipu ilibomolewa yote, ukuta ukaachwa ukauke msimu mzima, ukapakwa chokaa upya, na gharama ya kurekebisha ikaishinda gharama ya chumba kilichoongezwa.

Kwa ajili hiyo ghorofa ya zege iliyokuwa katika ramani ilinitia hofu zaidi ya yote. Zege lenye nondo lina uzito unaokaribia kilo 2,400 kwa kila mita ya ujazo. Dari yenye unene wa sentimita 15 tu huzielemea kuta kwa kilo 360 kwa kila mita ya mraba, na chumba kimoja cha Lamu chenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 2.5 huzidi tani 5 kabla hakijaingizwa kitanda. Sakafu za kale nazo si nyepesi, na kuta zetu zimekwisha kubeba mbili. Juu ya hayo, upepo wa bahari na mchanga wenye chumvi huzishambulia nondo, nazo zikipata kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Watu wa pwani hatuwezi kuisahau tarehe 25 Desemba 2020, Beit el Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ilipoanguka sehemu yake ikiwa katika matengenezo, na watu wakapoteza maisha yao. Jengo kongwe ni dhaifu kuliko wakati wote siku ile linapoguswa, na haifai kuondoa kitu chochote kabla ya kutia gadi chini ya kinachobaki. Shauri langu, ambalo fundi wa sasa ameliafiki baada ya kuchimba na kubandua kama alivyofanya yule wa zamani, ni kwamba ghorofa ya tatu iwe nyepesi: nguzo za mbao, paa la makuti, kuta fupi, pa kulala watoto na wageni. Tena, mji wetu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na mabadiliko ya nyumba za mji wa kale hutakiwa idhini. Wako wanaoliona sharti hilo kuwa adha, lakini mimi nimeona likiwalazimisha watu kufikiri kabla ya kubomoa.

Nyanya alipozeeka hakuongezewa chumba. Alihamishiwa msana wa tini, hatua chache kutoka chooni. Kizingiti kilichokuwa kikimkwaa kikapunguzwa, mshiko wa mbao ukawekwa ukutani, na kitanda chake kikageuzwa kutazama kiwanda ili amwone kila aingiaye na kumwuliza habari. Alikaa hivyo miaka yake ya mwisho akiiendesha nyumba kutoka pale. Ni mabadiliko madogo kupita yote niliyoyashuhudia, na hayakugharimu ila kazi ya fundi mmoja kwa muda mfupi, nami siku hizi, magoti yangu yakinikumbusha umri, huyafikiria zaidi ya ghorofa.

Baba alipofariki ndipo tulipojua kwamba ghorofa ile, iliyojengwa kwa uangalifu mwingi, haikuwa na karatasi hata moja. Alimpa dada yangu kwa hiba akiwa hai, na mashahidi wa maneno yake walikuwa wachache na wazee. Ya chini ilikuwa mirathi: mama thumni yake, na kilichosalia kwa watoto, mwanamume hisa mbili za mwanamke. Hayo hayakuwa na utata. Utata ulikuwa katika ngazi, iliyosimama katika tekani ya warithi wote na kumfikisha mwenye hiba peke yake. Na dari, iliyokuwa paa la dada yangu na jiko la mama. Na boriti za kati, ambazo kwa walioko juu ni sakafu na kwa walioko chini ni dari, zikivuja nani atazilipia? Nyumba ya jirani ilikuwa imekatwa kwa ukuta wa matofali katikati ya msana kwa mashaka ya namna hiyo hiyo, nusu yake ikauzwa kwa mgeni, na nusu iliyobaki haina kiwanda wala nuru. Sisi tulinusurika kwa sababu mama alikataa kutoka kwa kadhi kabla kila kitu hakijaandikwa, ngazi, dari, kisima na marizabu, na nani atatengeneza kipi.

Basi mpwa wangu hakuruhusiwa kuagiza hata boriti moja kabla ya kuandika karatasi mpya. Imeandikwa kwamba chumba cha makuti ni cha matumizi ya wote wala hakiongezi hisa ya mtu. Kwamba aliyetoa fedha atarudishiwa kwa kodi ya sabule, yaani chumba cha wageni, ikipangishwa, hata zitimie. Kwamba kiwanda hakitafunikwa wala kukatwa. Na kwamba mwenye kutaka kuuza sharti awatangulizie jamaa. Wenye hisa wawili wako Muscat na mmoja yuko Mombasa. Saini zao zikitimia, fundi ataanza upande wa choo, ambako boriti mbili zimekwisha kuoza.